Je, Swala Yangu Nyuma ya Imamu wa Kiibadhi Inasihi?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Tanga, nimelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii. Nimepata kazi ya ufundi wa magari hapa Maskati, na msikiti ulio karibu na karakana ni wa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Oman. Imamu akihirimia hainui mikono wala haifungi. Alhamdu ikiisha hakuna anayeitikia aamin, alfajiri hakuna qunuti, ile dua ya kusimama baada ya rukuu, na mwisho hutoa salamu moja tu. Adhuhuri na alasiri tunaswali hapo hapo kazini, anatuongoza Mwomani mmoja tunayefanya naye kazi. Mwenzangu wa chumbani ananiambia hao ni Makhawariji, lile kundi la zamani lililojitenga na Sayyidna Ali, basi nikidhi, yaani nizilipe, swala zote nilizoswali nyuma yao na kuanzia sasa niswali peke yangu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, mwanangu. Swala ulizoswali kwa namna uliyoieleza ni sahihi, na usiiache jamaa. Lipo jambo moja tu la kuangaliwa, nalo hukuniuliza. Nitalifikia.

Kwanza uijue kanuni yetu. Maamuma haimsihi kumfuata imamu ikiwa yeye maamuma anajua kwa yakini kwamba imamu huyo ameacha nguzo au sharti ya swala. Sasa yapime uliyoyataja. Kuinua mikono ni sunna. Kuifunga ni sunna, na hata Wamaliki wa Sudan na Afrika Magharibi wengi wao huiachia, wala hatujawahi kuambiwa swala zao ni batili. Kuitikia aamin ni sunna. Katika salamu, ya kwanza ndiyo nguzo na ya pili ni sunna. Qunuti ya alfajiri kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, nayo ikiachwa huungwa kwa sijda ya kusahau. Hakuna nguzo iliyoanguka hapo. Tena Bismillahi, ambayo kwetu ni aya ya Alhamdu na bila yake Alhamdu haitimii, Waibadhi huisoma kama sisi. Anayosoma imamu kimyakimya hukukalifishwa kuyachunguza, mdhanie wema.

Wewe endelea kuswali kama ulivyofundishwa: inua mikono, funga, itikia aamin. Adhuhuri na alasiri wao husoma Alhamdu peke yake katika rakaa zote, nawe ukipata nafasi ya kusoma sura, soma. Alfajiri, ukiweza kuomba qunuti fupi katika itidali kisha ukamdiriki imamu katika sijda ya kwanza, omba. Ukichelea kuachwa nyuma, iache umfuate. Akishatoa salamu, ni sunna usujudu sijda mbili za kusahau kabla hujatoa yako. Usipozisujudu, swala yako haikuharibika.

Sasa hilo neno la Ukhawariji, ambalo si neno la kurushiana chumbani. Waibadhi wamenasibishwa na Abdallah bin Ibadh, lakini imamu wao mkubwa katika elimu ni Jabir bin Zaid, mtu wa Nizwa huko huko Oman, aliyeishi Basra na kusoma kwa Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Huyu Jabir si mgeni kwetu. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi kupitia kwake, na miongoni mwazo ni ile ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuswali Madina rakaa nane pamoja na saba pamoja. Je, tutaipokea hadithi kwa mtu, kisha tukidhi swala tulizoswali nyuma ya wanaomfuata?

Ni kweli asili yao inarudi kwa wale waliojitenga na Sayyidna Ali, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, baada ya sulhu ya vita vya Siffin, mwaka wa 37 Hijria, ndio walioitwa Makhawariji. Lakini walipotoka Azariqa, kundi kali la Makhawariji waliohalalisha damu na mali za Waislamu wenzao, Ibn Ibadh na watu wake waliachana nao. Kutomhukumu Mwislamu kuwa mshirikina na kutomwaga damu yake ndiko kulikowatenga na wale, na hadi leo Waibadhi hawakubali kuitwa Makhawariji.

Sitakuficha kwamba khilafu ya itikadi ipo, tena si ndogo. Sisi tunaamini waumini watamwona Mola wao Akhera, wao wanakanusha. Sisi tunasema Mwislamu akifa na dhambi kubwa bila toba, jambo lake liko kwa Mwenyezi Mungu, akitaka atamsamehe, na akiadhibiwa hatadumu Motoni. Wao wanasema atadumu. Haya wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi, na wewe shika itikadi uliyosomeshwa chuoni kwenu. Lakini zile nguzo tano zilizomo katika hadithi ya Jibril, na kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho na Kadari, yote hayo wanayo. Mtume amesema, katika hadithi ya Anas, kwamba mwenye kuswali swala yetu, akaelekea kibla chetu na akala tulichochinja, huyo ni Mwislamu mwenye dhima ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake. Na wanazuoni waliokutana Amman, Jordan, mwezi wa Julai 2005, waliyataja madhehebu manane ambayo haijuzu kumkufurisha mfuasi wake: manne ya Kisunni, Jaafari na Zaidi ya Kishia, Ibadhi, na Dhahiri.

Watu wa pwani yetu ndio wa mwisho kulionea hili ajabu. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi kwa wakati mmoja. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa kadhi wa Kishafii chini ya masultani wa Kiibadhi, na heshima yake haikupungua kwao wala kwetu. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyeteuliwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, alizaliwa Unguja.

Nakuja kwenye lile ambalo hukuniuliza, na hapa nisome kwa makini. Kwa Waibadhi, msafiri ni wajibu apunguze swala, na anaendelea kuwa msafiri muda wote ambao hajaufanya mji ule kuwa makao yake, hata akikaa miaka. Kwetu, ukinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, safari imekatika. Basi huyo mwenzenu wa karakana, ikiwa kwao ni Nizwa au Salala, huenda anaswali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili na anatoa salamu kwa haki yake. Wewe una mkataba wa kazi, ni mkazi, faradhi yako ni rakaa nne. Akitoa salamu usitoe. Simama uongeze mbili zilizobaki. Isha ni hivyo hivyo akikuongoza. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi. Ikiwa kuna siku ulitoa naye salamu kwenye rakaa ya pili, zile ndizo za kukidhi. Zihesabu kwa dhana yako yenye nguvu, uzilipe kidogo kidogo.

Na khilafu hii hii ya kupunguza iliwapitia Maswahaba. Sayyidna Uthman aliswali rakaa nne Mina, wakati wa Hija. Ibn Masud hakuridhia, kwa kuwa aliswali hapo na Mtume mbili, kisha na Abubakar mbili, kisha na Omar mbili. Kisha akaenda akaswali nyuma ya Uthman nne. Alipoulizwa, alijibu: «Khilafu ni shari.» Naye Ibn Omar aliswali nyuma ya Hajjaj, gavana wa Banu Umayya, na dhuluma ya Hajjaj anaijua kila mtu.

Mwenzako usigombane naye. Mwambie aje mswali pamoja, na akiwa na hoja aiandike aniletee, nitamjibu kwa dalili. Wallahu aalam.