Re: Anakesha na vitabu, mock ya hesabu bado F

Habari dada. Umesema kijana wako wa kidato cha nne anakesha akisoma, lakini mock ya hesabu kapata F tena. Kabla ya kulipia tuisheni nyingine, chukua karatasi yake mkae nayo. Angalia kwanza: maswali mengi kayaacha wazi, au kajibu akakosea? Wanafunzi wangu wengi wa kukesha walikuwa wakisoma mifano iliyokwisha kufanywa kwenye daftari. Wanaielewa kabisa, ila swali jipya hawajui pa kuanzia. Mpe swali moja, daftari lifungwe, alifanye mpaka jibu. Atakapokwama, mstari huohuo ndio aupeleke kwa mwalimu.

Tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ina mitihani ya nyuma pamoja na uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha wengi walikosea wapi. Tafadhali mpakulie.

D, daraja la chini la kufaulu, inaanzia alama 30, kwa hiyo asihangaike na kila mada sasa. Takwimu na matriki akizishika vizuri zinaweza kumsaidia kuvuka. Na usiku alale, nakuomba sana.

Kuhusu kumbadilishia mwalimu wa tuisheni, sijamwona akifundisha, siwezi kukushauri.