Koni ya karatasi au ya alumini: yaliyonipata mimi

Yakhe, swali lako nimelisoma mara mbili. Uko Kisauni, una sebule ndogo, wataka kujiundia spika za njia mbili (wufa ya besi na twita ya sauti nyembamba) za kusikilizia taarabu na kaswida, na muuzaji amekuwekea mbele wufa mbili za inchi 6 na nusu: moja koni, yaani lile bakuli linalotetema, ni ya karatasi nyeusi, nyingine alumini inayong'aa kama sufuria mpya. Bei zimepishana kidogo tu.

Chukua ya karatasi. Mimi nilichukua ya alumini, nikamaliza karibu mwaka mzima nikilaumu kitu kisicho na kosa.

Ilikuwa Majengo, miaka sita iliyopita. Kusema kweli nilivutiwa na mng'aro. Nikafunga krosova, yaani vifaa vya kugawa sauti baina ya wufa na twita, nyepesi kabisa: koili moja ya kuzuia milio ya juu isiende kwa wufa, kapasita moja ya kuzuia ya chini isiende kwa twita, basi. Besi ikatoka safi, kavu, nikaita majirani waje wasikie. Lakini fidla ikiingia, ni kama mtu anakwaruza bati kwa msumari. Mwimbaji akitamka "s" inachoma sikio. Nikailaumu twita. Nikabadilisha twita, bado. Nikanunua nyingine ya hariri, bado. Mke wangu kila akipita anapunguza sauti, hasemi neno, anapunguza tu na kwenda zake jikoni.

Siku moja nikachomoa waya za twita, nikabaki na wufa peke yake, nikaipigia mlio wa programu ya simu unaopanda polepole kutoka 1000 Hz (mitetemo elfu moja kwa sekunde) hadi 10,000. Sauti ikawa inafifia kama inavyotakiwa, inafifia, halafu ilipopita 7000 ikapiga ukelele. Wufa, si twita.

Gonga sufuria ya alumini kwa kijiko, kisha gonga katoni tupu, utaielewa habari yote. Chini kule kwenye besi koni zote mbili huenda mbele na nyuma kwa umoja, kama pistoni. Hz zikipanda hufika mahali koni inashindwa kwenda pamoja, inaanza kupinda vipande vipande. Karatasi hufika hapo mapema, ila nyuzi zake husuguana na kuila ile nguvu, kwa hivyo kosa husambaa na kuzimika. Alumini huchelewa. Kwa wufa ya saizi hiyo mara nyingi ni baina ya 5000 na 8000 Hz. Lakini ikishafika haina cha kuizima, hulia kama kengele, na kilele chake chaweza kuzidi desibeli 10 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Koili yangu moja ilikuwa inakata kuanzia 2500, kwa hivyo kufikia 7200 ilikuwa imepunguza takriban desibeli 10. Kengele ikazirudisha zote.

La pili lilinichukua muda zaidi kulifahamu. Kila wufa huzaa milio ya ziada kidogo, ukiwemo ule wa mara tatu ya mlio ulioipa. Ukiipa 2400 Hz, wa mara tatu unaangukia 7200, palepale kwenye kengele. Hapo hata ukiizuia kabisa 7200 isiingie, wufa inaizaa yenyewe ndani. Dawa ni kukata chini zaidi, 2000 au pungufu, na hiyo yataka twita inayostahimili kukatwa chini hivyo. Twita ya bei ya njugu utaiunguza wiki ya kwanza.

Mwishowe niliongeza kapasita na koili ili mkato uwe mkali, nikashusha mahali pa kukata, na nikaweka mtego wa kuimeza ile kengele: koili ya milihenri 0.22, kapasita ya maikrofaradi 2.2 na rezista ndogo, vikifuatana, vyote vimefungwa sambamba na wufa. Kwa vipimo hivyo mtego unaangukia karibu 7200 Hz. Usivinakili hivihivi, kengele ya wufa yako huenda iko pengine, na bila kupima utatega pasipo na panya. Spika hizo ninazo mpaka leo na siziuzi. Kwa hivyo simtukani mtu wa alumini. SEAS wa Norway wanatengeneza wufa za magnesiamu ambazo wajenzi wanazihusudu, lakini mwenye kuzijenga hujua kwamba nusu ya kazi iko kwenye krosova.

Karatasi nayo si uzee. Rice na Kellogg wa General Electric walipoeleza spika yao ya koili inayosukuma koni ndani ya sumaku mwaka 1925, koni ilikuwa karatasi, na hadi leo Scan-Speak wa Denmark wana wufa za bei kali za karatasi iliyochanjwa mistari na kujazwa gundi ili mitetemo izimike.

Ukienda kulinganisha dukani, jihadhari na hili. Shemeji yangu alileta zake za karatasi, tukazifunga moja baada ya nyingine, wote tukasema karatasi imeshinda. Kumbe kwa nguvu ile ile ya amplifaya, yake hutoa desibeli 89, yangu 86. Tofauti hiyo ya 3 ni sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara mbili, na sikio siku zote humpa ushindi mwenye kelele. Tuliposawazisha sauti, chini ya 1000 Hz hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi.

Sasa habari ya hapa kwetu, ambayo watu wa bara hawatakwambia. Wanasema karatasi itanyonya unyevu. Itanyonya, ni kweli. Nilipima moja wakati wa kiangazi nikaipima tena katikati ya masika, mtetemo wake wa asili umeshuka kutoka 38 hadi 36 Hz. Sikio langu halikuona kitu. Usifanye niliyoyafanya, nikapaka koni vanishi ya mbao "kuikinga": ikawa nzito, sauti ikapoa, nikaitupa. Kinachokufa Pwani ni ule ukingo wa sponji unaoshika koni. Joto na unyevu huumumunya, ukiubonyeza kwa kidole unabaki na unga. Chukua wenye ukingo wa raba, koni iwe ya chochote. Na kutu: angalia bamba la chuma la mbele ya sumaku, lisiwe limeanza wekundu, maana kutu ikimeguka ndani ya pengo la sumaku utasikia kwaru kwaru kila besi ikipiga. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza mrudishie mwenyewe.

Boksi jenga kwa plaiwudi ya milimita 18. Zile mbao za unga uliogandishwa zilinivimba pembeni masika ya kwanza tu.

Kabla hujalipa, niandikie lita za boksi unalokusudia na jina la twita uliyonayo. Kama twita haivumilii kukatwa kwenye 2000, mjadala wa alumini umekwisha hapo hapo.