Jibu: Je, hotuba ya Rais wa Marekani inaweza kuingiza jimbo jipya?

Ndugu, salaam. Umeuliza iwapo hotuba ya Rais mbele ya Kongresi, yaani bunge la Marekani, inatosha kuligeuza eneo kuwa jimbo, kwa kuwa umesoma kwamba Rais Eisenhower ndiye aliyeiingiza Hawaii mwaka 1959. Haitoshi. Nami nilikwama papo hapo nilipokuwa nikiandaa somo la uraia. Anza na Ibara ya 4 ya Katiba yao, kifungu cha 3, kinachoipa Kongresi, si Rais, mamlaka ya kupokea majimbo mapya. Hotuba inatokana na Ibara ya 2, nayo ni taarifa na mapendekezo tu. Rais Jefferson aliituma kwa maandishi mwaka 1801, na desturi hiyo ikadumu hadi Rais Wilson alipokwenda kuisoma mwenyewe mwaka 1913.

Hata hivyo, usiidharau saini ya Rais kwenye sheria ya kupokea jimbo. Mwaka 1911 Rais Taft aliikataa Arizona kwa sababu katiba yake iliwaruhusu wapiga kura kuwaondoa majaji, na jimbo likapokewa Februari 1912 baada ya kipengele hicho kufutwa (wakakirudisha mwaka huohuo!). Kuhusu Hawaii, Eisenhower alitia saini sheria mwezi Machi, wakazi wakapiga kura Juni, naye akatoa tangazo tarehe 21 Agosti. Nadhani tangazo hilo ndilo lililokuchanganya.