Kingamwili za kiini cha yai katika kupima lava wa tegu kwenye ubongo

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya kazi maabara. Tunatafuta antijeni (protini zinazotoka kwa mnyoo) ya lava wa tegu wa nguruwe kwenye seramu, yaani majimaji ya damu, za wagonjwa wa kifafa, kwa ELISA, kipimo kinachotoa rangi kikikuta kinachotafutwa, kinachotumia kingamwili za sungura. Shida ni kwamba hata seramu za watu wasio na ugonjwa zinatoa rangi. Nasikia kingamwili za kiini cha yai, yaani IgY, zinamaliza tatizo hili. Ni kweli? Na je, mgonjwa bado atahitaji CT scan?

Jibu: Marahaba. Inategemea hiyo rangi inatoka wapi. Chukua kingamwili za sungura ambaye hakuchanjwa antijeni hiyo, zipake kwenye sahani ya kipimo, kisha weka seramu zilezile. Rangi ikitokea, antijeni haihusiki kabisa. Wanaogombana hapo ni sungura na binadamu.

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Watu wenye baridi yabisi, na hata baadhi ya wazima, wana kingamwili zinazoshika mkia wa IgG (kingamwili kuu ya damu) ya binadamu, na hazikatai mkia wa IgG ya sungura. Zikiushika, zinaivuta ile kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya cha kutoa rangi, hata kama katikati hakuna antijeni. IgY ya kuku haina mkia ambao kingamwili hizo zinautambua, wala haiamshi komplementi (protini za kinga za damu) ya mamalia. Kwa chanzo hiki cha rangi, jibu ni ndiyo, badilisha.

Upatikanaji wake pia ni rahisi. Kuku aliyechanjwa antijeni hatolewi damu, anataga tu, na yai moja hukupa takriban miligramu 50 hadi 100 za IgY. Usitegemee zote zimlenge mnyoo. Zinazomlenga ni sehemu ndogo. Viringisha kiini kwenye karatasi ya chujio mpaka ute mweupe uishe, toboa ngozi yake, changanya na bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika uchachu), kisha weka PEG 6000, kemikali ya kutenganisha, ya asilimia 3.5 ili mafuta yashuke. Chuja maji ya juu, pandisha PEG hadi asilimia 12, na IgY itajikusanya chini. Usipoteze muda kuipitisha kwenye protini A au G, zinazotumika kusafisha IgG, haishiki hapo.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Antijeni ya kumchanja kuku hutolewa kwenye vifuko vya lava vilivyotoka kwenye nyama ya nguruwe, na majimaji ya vifuko hivyo yana IgG na albumini ya nguruwe mwenyewe. Kwa kuku, protini hizo ni ngeni kupindukia, hivyo atazitengenezea kingamwili kwa bidii kuliko sungura. Ukiweka seramu ya mtu, kingamwili hizo zitashika IgG ya binadamu, maana inafanana na ya nguruwe. Umeondoa rangi moja, umeleta nyingine! Kabla ya kupaka sahani, pitisha IgY kwenye safu (bomba la chembechembe) iliyobandikwa seramu ya nguruwe na ya binadamu, uchukue kinachopita bila kushikwa. Pima pia seramu za watu wenye tegu wengine, hasa wa Echinococcus (tegu mdogo wa mbwa), kwani undugu wa minyoo hawa hausafishwi na safu hiyo.

Kuhusu CT scan: ndiyo, bado. Antijeni kwenye damu huashiria lava aliye hai, na hapo inaizidi ELISA ya kingamwili za mgonjwa, ambazo hubaki muda mrefu baada ya lava kufa. Lakini mwenye kifuko kimoja ubongoni, au vilivyokwisha kugeuka chokaa, anaweza kutoka hasi huku anaanguka kifafa. Hata akitoka chanya, sahani haisemi vifuko viko wapi wala ni vingapi. Daktari akianza albendazole (dawa ya minyoo) bila kuona picha ya CT, na bila kukagua macho, lava wakifa kwa pamoja uvimbe unaotokana na kufa huko unaweza kumuumiza mgonjwa kuliko lava wenyewe. Mimi ningeitumia IgY zaidi baada ya tiba: mgonjwa aliyekuwa chanya, antijeni yake ikishuka, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, nanyi mtajua nani arudishwe kwenye picha mapema.