Kompyuta imesasishwa, intaneti imegoma: maswali yenu

Swali: Windows 11 imejisasisha usiku. Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Simu zote za nyumbani zinafanya kazi. Niirudishe ruta kwenye hali ya kiwandani?

Usithubutu. Kama simu zinapata intaneti kwenye ruta hiyohiyo, ruta haina kosa. Ukikibonyeza kile kitufe kilichofichwa tunduni, huenda ukafuta jina na nywila ulizopewa na kampuni ya intaneti, na hapo hata simu zitakosa mtandao.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha Enter. Andika `ipconfig` na utazame mstari wa IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao, wa kadi yako ya Wi-Fi. Namba ikianza na 169.254, ruta haikuipa kompyuta anwani. Kompyuta imejipachika yenyewe, na kwa anwani hiyo haitoki nje ya nyumba. Andika `ipconfig /release`, halafu `ipconfig /renew`. Ukiona kitu kama 192.168.1.23, jaribu kivinjari. Ikikataa, fungua kidirisha hicho kama msimamizi, andika `netsh winsock reset`, kisha `netsh int ip reset`, na uwashe kompyuta upya. Amri hiyo ya mwisho hufuta anwani ulizoweka kwa mkono, kwa hiyo zinakili kwanza.

Na kama anwani ilikuwa nzuri tangu mwanzo? Andika `ping 1.1.1.1`. Majibu yakirudi, lakini `ping wikipedia.org` ikalalamika kwamba haimpati mwenyeji, njia iko wazi. Kilichokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Anza na `ipconfig /flushdns`. Isiposaidia, ingiza 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama DNS kwenye mipangilio ya kadi. Ping zote mbili zikijibu na kivinjari bado kimenuna, kagua proksi na VPN, yaani njia za kati zinazopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. VPN ya zamani iliyovurugwa na sasisho ni mshukiwa wetu wa kwanza.

Swali: Kwangu alama ya Wi-Fi imetoweka kabisa.

Hiyo ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi. Kwanza zima kompyuta huku umeshikilia Shift, ili izimike kikwelikweli, kisha uiwashe. Bila mabadiliko, bonyeza Windows na R, andika `devmgmt.msc`, tafuta kadi ya Wi-Fi chini ya vifaa vya mtandao, fungua sifa zake na ubofye "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Pakua moja kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Utapakuaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe ugawaji wa intaneti kupitia USB. Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya.

Kama lilikuwa sasisho kubwa la toleo, kwa kawaida una siku 10 za kurudi toleo la awali.

Swali: Simu imesasishwa, nywila ni sahihi, ruta inaikataa. Ruta yangu huruhusu vifaa vilivyo kwenye orodha tu.

Orodha ndiyo inayokukwamisha. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia anwani ya MAC (namba ya utambulisho ambayo ruta huitambulia kifaa) ya kubuni kwa kila mtandao. Itazame: herufi ya pili ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Izime kwa mtandao wa nyumbani pekee, au ufute orodha. Ulinzi wake ni hafifu mno kustahili usumbufu huu.

Swali: Natumia waya. Kasi sasa haivuki Mbps 100.

Hapa huenda sasisho linasingiziwa. Kasi ya gigabiti (Mbps 1,000) huhitaji nyuzi zote 8 za kebo; Mbps 100 hutosheka na 4. Uzi mmoja ukilegea, kasi huweza kushuka hadi 100. Badilisha kebo, weka ya daraja la Cat 5e au bora zaidi. Ikibaki vilevile, kwenye sifa za kadi rudisha "Speed & Duplex" iwe ya kujichagulia yenyewe.

Swali: Intaneti ipo, printa ya Wi-Fi haionekani.

Yawezekana Windows imeuhesabu mtandao wako kuwa wa hadharani. Fungua sifa za Wi-Fi yako kwenye mipangilio, uugeuze uwe wa faragha.