Usimwonyeshe Mtu Pango la Chewa

Jumatatu nimemaliza deni la boti. Nimelilipa miaka sita, na sasa ni yangu, mbao zake, injini yake na kioo chake cha chini. Nilipotoa picha, kijana mmoja wa Likoni akaniandikia: "Kaka, na mimi nataka kazi ya kutembeza wageni baharini. Nianzie wapi, na injini ninunue mpya au ya mtumba?" Najua wengi wenu mnaosoma hapa mna hamu hiyo hiyo, basi nawajibu pamoja. Anza kwa kunyamaza.

Upande wa Nyali, nje kidogo ya mpaka wa paki ya bahari, pana mwamba wenye pango. Humo aliishi samaki aitwaye chewa, wa mabaka ya kahawia, urefu wake mita moja kasoro. Nilimkuta kaskazi yangu ya kwanza kazini, msimu wa upepo utokao kaskazini-mashariki. Maji yakiwa mafu, hayajai wala hayapwi sana, tena meupe, wageni walivaa miwani wakalala juu ya maji, naye hatoroki, amesimama mlangoni akipepea mapezi tu. Siku moja tulimwona akila. Hakumkimbiza samaki, alifumbua kinywa ghafla, maji yakaingia pamoja na kitoweo. Mama mmoja wa Nakuru alipiga kelele ndani ya mrija! Msimu ule wageni wangu wengi waliletwa na wenzao waliokwisha kumwona.

Nikajivuna. Nikamtaja barazani, nikamchorea ramani mchangani mwenzangu wa kazi, mtu niliyekula naye sahani moja. Wiki mbili baadaye nikamkuta chewa dikoni, samaki wanakoshushwa na kuuzwa, ametundikwa kwa mdomo, ana tundu la mkuki ubavuni. Bunduki ya mkuki ni marufuku, kila aliyekuwapo alijua, na bado mzani uliletwa. Mwenzangu hakunitazama. Mpaka leo tukikutana kivukoni, salamu ni fupi.

Uchungu ule ndio ulionisomesha. Chewa wa aina ile huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Jike hufika karibu miaka 9 ndipo aanze kutaga, na baadaye baadhi ya majike hugeuka madume. Kwa hiyo ukiwatoa wakubwa, umewaacha majike bila dume. Tena wakati wa kaskazi hukusanyika kutaga mahali pale pale mwaka baada ya mwaka; Msambweni watafiti wamewakuta. Mvuvi anayejua mahali na siku hahitaji bunduki, mshipi unamtosha kumaliza kundi.

Paki ya Mombasa ipo tangu 1986 na ndani yake havuliwi hata pono mmoja, lakini chewa hajui boya la mpaka. Ndugu zangu, dikoni chewa yule aliuzwa mara moja tu. Mimi alinilisha msimu mzima. Usitoe picha inayoonyesha mahali. Usimtajie mgeni jina la mwamba. Usimwambie hata ndugu yako. Mdogo wangu wa Likoni, nakuomba, usimwambie hata ndugu yako.

Kaskazi iliyopita nimeona chewa mwingine katika pango lile, hajafika urefu wa mkono. Naenda peke yangu, nazima injini mbali, napiga kasia, namtazama, naondoka. Wageni nawapeleka kwengine.

Habari ya injini nitakujibu Ijumaa, nikishaongea na fundi.