Wadogo zangu mnaotaka kutoa albamu ya dabu, anzeni na bezi

Kijana akija studio kwangu hapa Dodoma na wimbo wa rege, huanza kuniuliza kolabo afanye na nani. Mimi namwambia azime sauti ya kuimba, kinanda na gitaa, abakize bezi na ngoma. Kama hizo mbili haziwezi kukutingisha kichwa zikiwa peke yake, dabu, yaani rege iliyovuliwa uimbaji ikabaki bezi, ngoma na mwangwi, haitoki hapo. Rudi ukarekodi upya.

Msianze kwa kutafuta vyombo vya bei kubwa. King Tubby, mmoja wa waanzilishi wa dabu, alikuwa fundi umeme na redio kule Kingston, Jamaika. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akawa anazima sauti, anarudisha kipande, anakitupia mwangwi, mpaka mashine ya kumiksi ikawa ala yake. Ninyi jifunzeni mwangwi unaokwenda na wimbo: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 75 unakupa milisekunde 800 kwa pigo moja. Jaribu pia 600, robo tatu ya pigo, usikie unavyopishana na gitaa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nabahatisha tu, na kazi zile zote mwangwi unagongana na ngoma.

Kwenye kolabo sisi watu wa huku tuna utajiri: zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, mpiga ilimba, Mgogo wa Dodoma, alitoa albamu na Michael Brook wa Kanada mwaka 2002, dunia ikasikiliza. Lakini ilimba la mzee wa kijijini halifuati sauti za kinanda cha dukani. Niliwahi kumtumia mpiga bezi wa nje mapigo matupu, akapiga kwa nota za kinanda, na tulipoongeza ilimba juu yake vikakataana kabisa. Wiki mbili zikapotea. Rekodi ilimba kwanza, bezi irekebishwe sauti kulifuata. Usimwambie mzee asogeze vyuma vyake. (Na rekodi usiku, upepo wetu ukitulia na bati likinyamaza.)

Faili za kumtumia mwenzako wa kolabo: WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, kila ala peke yake, bila mwangwi, zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama ala inaingia dakika ya pili.

Mgawo, yaani nani anatajwa na anapata asilimia ngapi, ndio unaoniuma zaidi. Albamu moja niliyoshiriki ilitoka bila jina la mpiga ilimba. Waliandika "ala za asili" basi. Mjukuu wake alikuja kuniuliza kama babu yake alikuwemo kweli. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Siku hizi majina na asilimia tunaandika kabla maikrofoni haijawashwa, tunasoma kwa sauti, kisha kazi inasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mzee asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na nakala anaondoka nayo nyumbani.